Jua la Julai Nyuma ya Kibao

Lenora Dushak alimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Emmett Brannigan alikuwa ameinama, anasukuma kikokoteni cha chokaa, anachora mstari mweupe kwenye uwanja wa besiboli, kutoka kituo cha tatu kuja kwenye kibao cha nyumbani. Alitembea vilevile alivyotembea zamani, taratibu, miguu kaitanua asije akakanyaga mstari wake mwenyewe. Moyo wa Lenora ulipiga paa. Na tangu aiache barabara kuu alikuwa amejiapiza kwamba hautapiga.

"Usisogee hapo, utaondoka na chokaa yangu," Emmett alisema bila kuinua kichwa.

"Umejuaje kama kuna mtu?"

"Nani mwingine Tullan anafunga breki kwa makelele vile?" Ndipo akasimama wima, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama. Akamtazama tena. "Nora. Umekata nywele."

"Zamani hizo."

"Zimekupendeza."

"Asante. Wewe umeota mvi."

"Nimeoteshwa," akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojaribu barafu kama itawabeba.

Lenora alikuwa na kazi ambayo sisi watu wa Tullan hatukuielewa mpaka tulipoiona kwenye magazeti. Alizunguka nchi nzima akipiga picha viwanja vikongwe vya besiboli vya watoto, vile ambavyo akina baba walivilima wenyewe jioni baada ya zamu, wakapigilia mabenchi na kumwomba mwenye duka la rangi awape mabaki. Alikwisha piga cha Iowa chenye mahindi hadi kwenye uzio, na cha New Jersey ambacho treni ikipita mechi husimama. Kila alipofika alifanya jambo lilelile. Alingoja saa ambayo watoto wa pale walizoea kucheza, akachuchumaa nyuma ya kibao cha nyumbani, pale anapoinama mwamuzi, akapiga kutoka hapo. Picha zake zilikufanya uwe na umri wa miaka kumi na miwili tena, na nyasi zikawa hazina mwisho.

Kitabu chake kilikuwa kimebakiza uwanja mmoja. Mchapishaji alishachoka kuuliza kwa nini Tullan, uwanja wa kwao, uliwekwa wa mwisho. Sababu yenyewe ilikuwa imesimama mbele yake sasa, ina chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Utapiga saa ngapi?" Emmett aliuliza.

"Saa moja jioni. Saa ya mechi."

Emmett akageukia kikokoteni chake. "Siku hizi hatuchezi jioni. Julai yote tunacheza asubuhi."

"Nimeona ubao pale getini. Tangu lini?"

"Kitambo. Joto, Nora. Watoto wanaungua."

Alisema haraka, kisha akauliza habari za safari. Lenora hakulitia maanani. Alikuwa anaangalia shingo yake, pale kola ilipoishia, na kuona aibu kwa sababu alikuwa bado anakumbuka harufu yake.

*

Msomaji wangu, mechi yenyewe sitaisimulia sana. Tullan haisimuliwi ile mechi, inagombaniwa. Timu ya watoto wetu ilikuwa kwenye njia ya Williamsport, ambako kila mtoto wa besiboli duniani huota kufika. Tulikuwa nyuma kwa alama moja. Terry Brannigan, kaka yake Emmett, alichomoka kituo cha tatu kuja nyumbani, kwenye kibao ambacho mkimbiaji akikigusa timu hupata alama, akajirusha kwa tumbo, vumbi likatimka, mdakaji wa wageni akamgusa na mpira. Je, mkono wa Terry ulifika kwenye kibao kwanza, au mpira ulimfika Terry kwanza?

Mwamuzi alikuwa Bernard Dushak, kinyozi wa mji, baba yake Lenora. Mwamuzi akitanua mikono yote miwili, mkimbiaji amefika salama. Akiinua ngumi, ametoka. Bernard aliinua ngumi, na safari ya Williamsport ikaishia pale.

Kesho yake hakuna aliyekuja kunyolewa. Wala wiki iliyofuata. Wanaume wa Tullan waliendesha magari mpaka mji wa pili kutafuta kinyozi, na waliokuwa hawana gari walinyolewa na wake zao, vichwa vikawa vituko. Mabenchi yote ya upande wa kituo cha kwanza, tunakokaa sisi wenyeji, yaliapa kuwa yaliona mkono wa Terry juu ya kibao. Aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yake, Peg Brannigan.

Na katika watoto wote wa mji huu, wakaja kupendana Lenora na Emmett. Walikutana hapahapa uwanjani, jioni za vuli wakati watu wamehamia kwenye mpira wa miguu. Emmett alikuwa akitoka mbio kituo cha tatu, anapiga kelele peke yake, naye Lenora anamngoja kwenye kibao, anatanua mikono, anamwita, "Salama!" Halafu mikono ile ile inamfunga. Wakachumbiana kwa mchezo huo, na mchezo huo wangekufa nao wazee, kama Peg asingetoa sharti.

Sharti lilikuwa moja. Bernard Dushak aje jikoni kwake, avue kofia, aseme alikosea.

Emmett alilipeleka sharti kwa Lenora. Lenora akalipeleka kwa baba yake. "Sema tu, baba. Hata kama huamini. Niseme nakuomba mara ngapi?" Bernard alikuwa anapangusa kiti cha kunyolea kisichokaliwa na mtu. "Mwamuzi lazima aamue, binti yangu," alisema. "Watu wamesimama, wanangoja. Ukishaamua, ndiyo hiyo." Yalitoka maneno mengi siku ile, mengine ya Lenora hayakufaa kumwambia baba. Akafungasha. Akamwacha kinyozi na kiti chake, akamwacha Emmett na mama yake. Februari iliyopita alirudi kumzika mzee, akaondoka kabla chai haijapoa kanisani.

*

"Mazishini hukuja," alimwambia Emmett sasa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la chini kabisa, stendi ya kamera imesimama nyuma ya kibao ikingoja.

"Nilikuja. Nilikaa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara."

"Ukifanya nini?"

"Nikikuangalia." Alikuwa anakwangua chokaa kwenye kucha. "Ulivaa koti lake. Lile la mistari. Nikataka kushuka, Nora, mkono ukafika mpaka kwenye kitasa."

"Kitasa kilikuwa kibovu?"

"Usiwe hivyo."

"Niwe vipi? Nimekula chakula changu peke yangu kwenye mahoteli ya barabarani miaka yote hii, najiambia yule mtu alinipenda ila hakuwa na njia. Niambie hukuwa na njia, Emmett. Nataka kukuamini. Nimeendesha gari siku nzima nakuja kukuamini."

Emmett akamshika mkono. Hakuuliza. Vidole vyake vilikuwa vikavu kwa chokaa, na Lenora hakuvitoa.

"Sikuwa na njia," alisema. "Lakini sasa ipo. Mama amelainika. Twende ukamsalimie, utaona mwenyewe."

Peg Brannigan alikuwa ndani ya kibanda cha vitafunio, nyuma ya mabenchi ya kituo cha kwanza, anamenya viazi vya mauzo ya kesho. Hakuna aliyewahi kumwona Peg amekaa. Alimwona Lenora dirishani, akaendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Binti Dushak."

"Shikamoo, Bi Brannigan."

"Umekonda. Huko unakozunguka hawali?" Akasukuma kikaratasi cha viazi vya kukaanga, moto, siki imekolea. "Kula. Hivi sikuuzii."

Lenora akala kimoja. Siki ikampanda puani na machozi yakamlengalenga, akashukuru kupata kisingizio.

"Sina maneno mengi," Peg alisema. "Emmett hajatazama mwanamke mwingine. Nimemletea mabinti hapa, wazuri, mmoja mwalimu, anawaangalia kama nguzo za umeme. Basi. Baba yako ameshakwenda, na mimi sigombani na maiti. Akitaka kukuoa, akuoe."

Lenora alimtazama Emmett. Emmett alikuwa anatabasamu chini, mashavu yamemwiva kama ya mvulana.

"Ila jambo moja," Peg akaongeza, akachukua kiazi kingine. "Picha ya Bernard sitaki kuiona ukutani kwa mwanangu. Wala jina lake mtoto asipewe. Nikija kunywa chai kwako, ninywe kwa amani."

Lenora alijifuta siki vidoleni.

"Bi Brannigan, Terry mwenyewe anasemaje?"

"Terry yuko Ohio anauza matairi. Ukimuuliza anacheka, ati hakumbuki, ati kulikuwa na vumbi. Kwa sababu ana moyo wa dhahabu. Mimi nakumbuka kwa niaba yake. Nilikuwa palee, mstari wa tatu. Niliona mkono wa mwanangu juu ya kile kibao kama ninavyokuona wewe."

"Emmett?" Lenora alimgeukia. Alitaka aseme neno moja tu, neno lolote. Hata "mama, basi" lingetosha.

Emmett alikohoa. "Ni picha tu, Nora."

Alimwambia hivyo mtu ambaye kazi yake ni picha. Lenora aliweka kikaratasi cha viazi dirishani, akasema jua linashuka, ana kazi. Lakini nitakwambia ukweli: alipokuwa anavuka nyasi alikuwa anapima. Alikuwa anajiambia kwamba picha ya baba inaweza kukaa kwenye sanduku. Jina linaweza kukaa moyoni. Mwanamke mwenye upweke hupima mambo ambayo akiwa ameshiba asingeyagusa, nami simlaumu.

*

Saa moja ilikaribia. Upande wa magharibi wa uwanja wetu, nyuma ya kituo cha tatu, kuna kile kilima cheusi cha mabaki ya makaa ambacho mgodi ulituachia. Karibu mwaka mzima jua likifika huko huzama nyuma ya kilima mapema, na uwanja unapata kivuli kizuri. Lenora alikuwa amekulia kwenye kivuli hicho. Alikitegemea.

Alichuchumaa nyuma ya kibao, mahali pa baba yake. Udongo ulikuwa na mashimo mawili hafifu ya miguu ya waamuzi. Akaweka viatu vyake humo.

"Emmett!" aliita. Alikuwa ameamua kukubali, na sauti yake ilikuwa laini. "Nenda kituo cha tatu."

"Nikafanye nini?"

"Uje nyumbani. Kama zamani. Nataka uwanja wangu wa mwisho uwe na mtu."

Emmett alicheka kwa sauti, kofia akaitupa. Alikwenda kituo cha tatu akirukaruka kwa furaha, mtu mzima mwenye mvi, akainama, mikono magotini. "Nikivunjika goti utaniuguza?"

"Nitakuuguza. Njoo!"

Akachomoka. Na wakati uleule jua likashuka kwenye pengo lililopo kati ya kilima cha makaa na mlima wa nyuma yake, pengo jembamba ambalo hulifikia Julai peke yake, likapiga moja kwa moja juu ya mstari wa kituo cha tatu. Ndani ya kamera kila kitu kikawa cheupe. Lenora akadhani ni kioo. Akaondoa jicho kwenye kamera, akatazama kwa macho yake, akakinga paji la uso kwa mkono. Hakukuwa na Emmett. Hakukuwa na mstari. Alisikia viatu vinakuja, alisikia pumzi, lakini hata kile kibao kilichokuwa karibu na magoti yake kilikuwa kimepotea katika ule mwanga.

Julai. Saa moja jioni. Mkimbiaji anatoka kituo cha tatu.

Mwamuzi lazima aamue, binti yangu. Watu wamesimama, wanangoja.

"Baba," Lenora alisema peke yake. Mzee hakuona chochote. Alikuwa amechuchumaa hapa, mji mzima uko nyuma ya sikio lake, macho yamejaa moto, na akainua mkono kwa sababu ishara moja lazima itolewe. Halafu akakaa na ngumi ile mpaka kaburini, kiti chake kitupu, na hakumwambia hata binti yake.

Emmett alitokeza kwenye mwanga ghafla, vumbi tupu, akajirusha, akagusa kibao kwa viganja viwili. Alilala pale anahema, anacheka, anamtazama kutoka chini.

"Haya," alisema. "Nimefika? Sema."

Lenora hakutanua mikono.

"Kwa nini Julai mnacheza asubuhi?"

Kicheko kilibaki usoni kwake muda kidogo, kimekosa pa kwenda. "Si nimekwambia, joto..."

"Uwanja huu umeutunza tangu baba yako alipoumwa. Kila jioni uko hapa na kikokoteni chako. Saa ya mechi uliihamisha lini?"

"Nora."

"Lini? Kabla sijaondoka au baada?"

Emmett aliinuka, akakaa juu ya visigino. Hakuwa mwongo mzoefu, huo nao ulikuwa ubaya wake. "Kabla. Mwaka wa kwanza tu nilipochukua kazi. Nilikuwa namwagia maji hapa, jua likanipiga, nikashindwa kuuona mpira wa maji mkononi mwangu. Nikajua."

"Ukajua baba hakuona."

"Nikajua hakuna aliyeona. Mama pia. Mabenchi yale yote yanatazama hukuhuku. Waliokaa kule ng'ambo, wageni, jua lilikuwa mgongoni kwao, ndio peke yao."

"Na ulipokuja kwangu na sharti la mama yako," Lenora alisema polepole, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanituma kwa baba yangu nikamlazimishe. Nilimwita jiwe, Emmett. Nilimwambia anapenda ngumi yake kuliko mimi. Na wewe neno lilikuwa mdomoni mwako: hakuna aliyeona. Maneno mawili tu! Yangetuokoa wote, mama yako, baba yangu, mimi. Kwa nini?"

"Ningemwambia vipi mama kitu kama hicho?" Sasa na yeye sauti ilikuwa imepanda. "Nisimame mbele yake nimwambie miaka yote hii analia kwa kitu ambacho hakukiona? Angesema nimehamia kwenu. Nilidhani mzee wako atakubali tu. Ni neno dogo, angelisema yakaisha. Ilikuwa rahisi zaidi."

"Rahisi kwa nani?"

Emmett alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mguu, kwa upole, na Lenora akaona kwamba anampenda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Macho yake yalikuwa yamejaa mapenzi ya kweli, si ya kuigiza, mapenzi yale yale yaliyokaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara na mkono kwenye kitasa.

"Nimekupenda siku zote, Nora. Hilo hulijui?"

"Nalijua. Ndiyo maana sina kisingizio cha kukupa."

"Tutamwambia mama. Nitamwambia. Nipe muda nitafute siku nzuri..."

"Mwambie sasa. Yuko pale."

Emmett aligeuza kichwa kuelekea kibanda, kisha akakirudisha. Alifungua mdomo. Lenora alimpa nafasi. Alimngoja kwa subira kubwa, kama alivyomngoja utoto wote kwenye kibao hiki, na angetanua mikono, ewe msomaji, naapa angeitanua, kama yule mwanamume angesimama na kuita tu, "Mama!"

Emmett akafunga mdomo. Akaanza kupangusa vumbi magotini.

"Nimefika au sijafika?" aliuliza kwa sauti ndogo, anajaribu tabasamu, anajaribu kuurudisha mchezo. "Si useme basi."

Lenora alisimama. Aliweka miguu yake vizuri kwenye yale mashimo mawili, akanyoosha mgongo kama alivyounyoosha baba yake. Safari hii alikuwa anaona kila kitu. Akainua mkono wa kulia, akakunja ngumi, akaishikilia juu mpaka Emmett akainamisha uso.

Upande wa kituo cha kwanza, Peg Brannigan alikuwa ametoka nje ya kibanda na kisu chake cha viazi, mkono mwingine ameukinga juu ya macho.

"Kuna nini huko?" alipiga kelele. "Emmett! Amesemaje? Jua linanipiga, sioni kitu!"

Lenora alikuwa anakunja stendi yake.